Mpakani kuna dirisha la mzigo, la mfanyakazi halipo

Anayevusha vitunguu Namanga leo ana msaada ambao mama yake, aliyefanya biashara hiyo hiyo, hakuwa nao. Mzigo ukiwa umezalishwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, umo katika orodha iliyokubaliwa na thamani yake haizidi dola 2,000 za Marekani, upo utaratibu rahisi wa biashara kwa ajili yake, na cheti rahisi cha uasilia kinajazwa palepale mpakani. Kituo cha Huduma kwa Pamoja kilichofunguliwa na marais wa Kenya na Tanzania mwaka 2018 kimewaweka watu wa forodha, uhamiaji, afya na viwango wa nchi zote mbili chini ya paa moja. Foleni bado zipo na malalamiko bado yapo, lakini mwenye mzigo anajua dirisha la kuulizia.

Sasa mwulize mwenye mzigo huyo swali jingine. Ana kijana anayemuuzia duka upande wa Tanzania, ana binti anayekaa kwenye stoo upande wa Kenya, na ana vijana wanne wanaopakia na kupakua. Akitaka kujua kijana wa dukani anastahili likizo ya siku ngapi, au afanye nini hesabu ya jioni ikikosa pesa, anakwenda dirisha gani?

Hakuna. Nimepita kwenye vituo hivyo vya pamoja na sijaona dirisha la ofisa kazi. Kwa mfanyabiashara wa Namanga upande wa Tanzania, ofisi ya kazi ya mkoa na ofisi ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile tunayoiita CMA, ziko Arusha mjini, safari ya zaidi ya kilomita 100. Upande wa Kenya, anayeitwa huko afisa wa leba yuko Kajiado. Nani atafunga duka siku nzima kwenda kuuliza swali? Kwa hiyo wengi wetu ofisi hizo tunaziona kwa mara ya kwanza tukiwa na barua ya wito mkononi, siku ambayo kuuliza kumeshapitwa na wakati.

Hoja yangu ni kwamba serikali zetu zimefanya kazi kubwa ya kumsaidia mfanyabiashara mdogo kama mwenye bidhaa, na zimemsahau kabisa kama mwajiri. Miongozo ipo, kanuni zipo, fomu zipo, maofisa wapo na wanalipwa kwa kodi zetu. Kinachokosekana ni vitu hivyo kumfikia mtu mwenye wafanyakazi watatu kabla hajaharibu.

Twende kwenye jambo linalogombanisha watu zaidi ya mengine yote kwenye maduka yetu: shoti. Jioni unafunga hesabu, pesa imepungua elfu thelathini. Utaratibu wa wengi ni mmoja, kwamba shoti ni ya muuzaji na inakatwa mwisho wa mwezi. Shoti zikiwa kubwa mshahara unaisha wote, na mwezi unaofuata anaanza akiwa na deni.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 haikukatazi kukata. Inakuwekea masharti. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa lake mfanyakazi. Umweleze kwa maandishi chanzo cha deni, kiasi chake na jinsi ulivyokipata. Umpe nafasi ya kupinga. Usidai zaidi ya hasara halisi. Na makato hayo yasizidi robo ya mshahara wake. Kwa hiyo aliyekata mshahara mzima kwa sababu ya shoti, hata kama pesa kweli iliibwa na mwizi ni huyo huyo kijana, ameshajitengenezea kesi ambayo hana la kujitetea.

Vuka hatua mia mbili uingie Kenya. Sheria ya Ajira ya huko ya mwaka 2007 nayo inaruhusu kukata upungufu wa fedha uliotokana na uzembe au udanganyifu wa mfanyakazi. Lakini inataka mkataba wake uwe umesema waziwazi kwamba alikabidhiwa kazi ya kupokea, kutunza na kulipa fedha. Soma tena sentensi hiyo wewe unayesema mkataba ni mambo ya makampuni makubwa. Kama binti wa stoo alianza kazi kwa maneno ya mdomo, hakuna karatasi inayosema yeye ndiye mtunza fedha, na haki yako ya kukata shoti imepotea siku ile ulipomwambia "anza kesho asubuhi".

Haya si mambo ya siri. Yameandikwa, na ofisa kazi yeyote atakueleza bure kwa dakika kumi. Ila dakika hizo kumi ziko Arusha au Kajiado.

Mwaka jana na mwaka huu nimesikia wafanyabiashara wenzangu wakisema kwa kujiamini kwamba ukimwandikia mfanyakazi mkataba umempa silaha ya kukushtaki. Nawaelewa wanakotoka, maana karatasi kwao ni kodi, ukaguzi na faini. Lakini kisheria ni kinyume kabisa. Sheria ya Tanzania inasema kesi ikifika mezani na mwajiri akashindwa kutoa mkataba au maelezo ya maandishi ya ajira, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha masharti yanayodaiwa ni wa mwajiri. Sheria ya Kenya inasema hivyo hivyo, karibu neno kwa neno. Yaani kijana akisema mlikubaliana laki tatu kwa mwezi, na wewe unasema ilikuwa laki mbili, wewe ndiye wa kuthibitisha. Kwa nini? Kwa sababu kuandika ulikuwa wajibu wako. Asiye na karatasi ndiye aliyempa mwenzake silaha.

Na usidhani muda utakuokoa. Tanzania, aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kupeleka mgogoro wake CMA. Kenya anaweza kulalamika kwa afisa wa leba ndani ya miezi mitatu, na mahakamani mlango uko wazi kwa miaka mitatu. Sheria za nchi zote mbili zinakutaka utunze maelezo ya ajira kwa miaka mitano baada ya mfanyakazi kuondoka. Daftari la mahudhurio la mwaka juzi ambalo umelifungia vitumbua huenda ndilo shahidi wako.

Mwenye duka upande mmoja tu wa mpaka anahitaji kujua sheria moja. Sisi tunahitaji mbili, na wa Rusumo, Mutukula au Busia wana jozi zao nyingine. Mji mmoja, jina moja, lakini kanuni hazifanani. Chukua mfano wa duka linalofunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 2 usiku, siku sita kwa wiki, muuzaji akipumzika saa moja mchana. Hizo ni saa 12 za kazi kwa siku, 72 kwa wiki. Tanzania saa za kawaida mwisho wake ni 45 kwa wiki, hivyo 27 ni za ziada na zinalipwa si chini ya mara moja na nusu. Tena saa za ziada haziruhusiwi kuzidi 50 katika wiki nne, na duka hili lina 108. Kenya, amri ya jumla ya mishahara inahesabu wiki ya kawaida kuwa saa 52, hivyo za ziada ni 20. Bidhaa ni zile zile na bei ni ile ile, lakini mwenye maduka mawili anayetumia makubaliano mamoja ya mdomo anavunja sheria mbili kwa namna mbili tofauti. Wengi hawajui hata moja.

Likizo nayo. Tanzania ni siku 28 mfululizo kwa mwaka, Jumapili na sikukuu zikiwa ndani. Kenya ni siku 21 za kazi. Ukimwambia wa Kenya "likizo ni siku 21" ukahesabu na Jumapili, umemnyang'anya. Kuhusu notisi, wa mshahara wa mwezi Tanzania anapewa siku 28. Uganda inategemea amekaa kwako muda gani: kuanzia wiki mbili kwa aliyepita miezi sita, hadi miezi mitatu kwa aliyefikisha miaka kumi.

Michango ya hifadhi ya jamii sitaikalia sana, maana viwango vinabadilika na kila mtu anajua vinauma. Niseme tu kwamba NSSF ya Tanzania, ya Kenya na ya Uganda ni mifuko mitatu yenye jina moja, na kumchangia mtu katika mmoja hakukuondolei deni la mwingine. Wa Uganda wakumbuke pia kwamba tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2022 ile kinga ya kuwa na wafanyakazi wasiofika watano imeondolewa. Mwenye mmoja anaandikishwa.

Vibarua ndio eneo ambalo tunajidanganya zaidi. Tunasema "hao ni vibarua" kama vile neno lenyewe linamaliza kila kitu. Kwa sheria ya Kenya, kibarua ni yule anayelipwa mwisho wa siku na ambaye ajira yake haizidi saa 24 kwa mara moja. Akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo haitarajiwi kuisha ndani ya miezi mitatu, sheria inamhesabu kama mfanyakazi wa mwezi, mwenye haki ya notisi. Kijana anayechambua vitunguu kwenye stoo yako tangu msimu uliopita, unamlipa kila jioni, unamwita kibarua. Sheria ina jina jingine kwa ajili yake. Wanaonipinga watasema msimu ukiisha kazi haipo. Sawa, basi andika kwamba ni kazi ya msimu, inaanza siku fulani na inaisha siku fulani. Sheria haizuii mkataba mfupi.

Halafu kuna suala la kumvusha mfanyakazi. Watu wa mpakani ni ndugu. Mjomba yuko upande huu, shangazi upande ule, na mtoto wa shangazi anakuja kukaa dukani bila mtu kuwaza kwamba amekwenda nchi ya kigeni. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika Julai 2010, kweli imefungua mlango wa wafanyakazi kuhama katika ibara yake ya 10. Lakini haikufuta kibali. Kanuni zake zinasema mwenye mkataba usiozidi siku 90 aombe pasi maalumu, na mwenye mkataba mrefu zaidi aombe kibali cha kazi ndani ya siku 15 za kazi tangu kuingia mkataba huo. Tena kila nchi ina sheria yake ya ndani. Tanzania ina ile ya mwaka 2015 ya kuratibu ajira za wasio raia, na kumwajiri mgeni bila kibali ni kosa la jinai kwa mwajiri pia. Mtoto wa shangazi akikamatwa, na wewe unahusika.

Angalieni kanuni hiyo inavyoanza: inataka mkataba. Soko la Pamoja tunalolisifu kwenye mikutano linamtambua mfanyakazi mwenye karatasi. Asiye nayo, kwa Jumuiya ni kama hayupo.

Wapo watakaosema ninabeba mzigo wa serikali na kuutwika mabegani mwa mwenye kibanda. Hapana, nataka serikali zifanye mambo matatu ambayo hayahitaji jengo jipya.

Kwanza, ofisa kazi wa kila nchi akae kwenye kituo cha pamoja siku moja kwa wiki, na iwe siku ya soko. Sheria ya Jumuiya ya vituo hivyo, ya mwaka 2016, imeshawapa maofisa wa nchi mbili njia ya kufanya kazi mahali pamoja. Kama mkaguzi wa mimea anaweza kukaa pale kwa ajili ya viazi, wa kazi anaweza kukaa kwa ajili ya anayebeba viazi.

Pili, karatasi moja ya mkataba kwa Kiswahili, yenye safu mbili, ya huku na ya kule. Jina, kazi, mahali, tarehe ya kuanza, saa, mshahara na siku ya kulipwa, likizo, notisi, nani anashika fedha. Mambo hayo karibu yote tayari yanatakiwa na sheria za nchi zote mbili, kwa hiyo hakuna cha kujadili bungeni. Sheria ya Tanzania inamtaka mwajiri amfafanulie mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa namna atakayoielewa. Ya Kenya inataka kabla ya kumfukuza mtu kwa kosa umweleze sababu kwa lugha anayoielewa, mwenzake akiwepo. Lugha hiyo kwa watu wa Namanga, Holili, Sirari na hata Busia ni ipi? Wakuu wa nchi za Jumuiya walikipitisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2021. Basi kianzie kwenye karatasi ya muuza duka.

Tatu, na hili ndilo gumu, ushauri utenganishwe na adhabu. Ofisa kazi wetu ni yule yule anayeshauri na yule yule anayekagua na kutoa amri. Mwenye duka anajua hivyo, ndiyo maana haendi. Anaona kwenda kuuliza kuhusu saa za ziada ni kujipeleka polisi mwenyewe. Hofu hiyo ina msingi na haitaondolewa kwa matangazo ya redio. Mwenye wafanyakazi wasiofika kumi akija mwenyewe kuuliza, apewe muda wa maandishi wa kurekebisha kabla ya mtu kuja kumkagua. Si msamaha wa madeni, maana mshahara wa watu ni wa watu. Ni muda tu.

Wenzetu wa mbali wameshaliona hili. Australia, biashara yenye wafanyakazi chini ya 15 ina mwongozo wake mfupi wa kumwachisha mtu kazi, wenye orodha ya maswali ambayo mwajiri anayajibu na kuitunza karatasi hiyo. Sisi Tanzania tuna Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali namba 42, zinazoeleza hatua za nidhamu vizuri tu: uchunguzi, barua ya tuhuma, muda wa kujiandaa ambao kwa kawaida ni saa 48, kisha kikao cha kumsikiliza. Ni kazi nzuri. Lakini imeandikwa kama vile kila duka lina ofisa utumishi na mwenyekiti wa kikao. Duka lina mama mmoja, na mama huyo huyo ndiye aliyeibiwa, mchunguzi, mwendesha mashtaka na hakimu. Wizara imwandikie ukurasa mmoja wa kwake: akimkuta kijana na kosa la kwanza afanye nini, la pili afanye nini, amwite nani akae kama shahidi.

Na wafanyakazi? Wao ndio wenye kupoteza zaidi katika mpango huu wa sasa, ingawa makala hii nimeielekeza kwa waajiri kwa sababu ndio wasomaji wa ukurasa huu. Binti anayekatwa shoti miezi mitatu mfululizo hana nauli ya kwenda Kajiado kulalamika. Anachofanya ni kuondoka usiku, na pengine akiondoka anachukua cha kumfidia. Kisha mwenye duka anatuambia vijana wa siku hizi si waaminifu.

Wakati tunasubiri dirisha hilo, yapo ya kufanya wiki hii kwa daftari na kalamu. Waite walio kwako mmoja mmoja. Andika jina, kazi, siku aliyoanza, saa zake na mshahara wake, mweleze, asaini naye abaki na nakala. Anayeshika fedha andika kwamba anashika fedha. Mshahara lipa kwa simu, ujumbe wa muamala utabaki kuwa ushahidi kwenu nyote wawili. Saa 72 zipunguze kwa kuweka mtu wa zamu ya jioni au kufunga mapema siku mbili. Ukipiga hesabu ya saa za ziada utakuta hatofautiani sana gharama.

Vyama vya wafanyabiashara wa mpakani navyo viache kupeleka risala za ushuru peke yake. Mwaka wa fedha wa serikali zetu unaanza Julai, na bajeti husomwa Juni. Ombi la meza moja na viti viwili kwenye kituo cha pamoja lipelekwe kwa wizara za kazi za nchi zote mbili kwa wakati mmoja, ili hakuna atakayesema anamsubiri mwenzake.